Somo: Kuchagua bastola nyembamba ya safu moja ya kubeba chini ya nguo

Assalaamu alaykum. Somo hili limeombwa na ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaoishi Marekani, ambako mtu aliyetimiza masharti huingia dukani na kutoka na bastola yake, na limeombwa pia na wachache waliopo hapa nyumbani ambao wana leseni au wanafanya kazi za ulinzi. Nawaandikia wote kwa pamoja, kwa sababu chuma ni kile kile huku na huko.

Bastola ya safu moja ni ile ambayo risasi ndani ya magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia katika mpini, hukaa moja juu ya nyengine kama sahani kabatini, badala ya kupishana kushoto na kulia. Mpango huo ni wa zamani. Colt M1911 ya Marekani yenye risasi 7 imejengwa hivyo, Walther PPK ya Ujerumani ya mwaka 1931 imejengwa hivyo, na Makarov ya Wasovieti, inayojulikana kwa wengi wetu, imejengwa hivyo. Browning Hi-Power ya 1935 ndiyo iliyoipa umaarufu safu ya kupishana kwa kubeba risasi 13, na tangu hapo watu wamekuwa wakibishana kama ni bora risasi nyingi katika mpini mnene au risasi chache katika mpini mwembamba. Marekani ilipozidi kulegeza sheria za kubeba silaha iliyofichwa, viwanda viliurudia mpango wa zamani kwa nguvu: Ruger ilitoa LC9 mwaka 2011, Smith & Wesson ikafuata na M&P Shield mwaka 2012, na Glock ikaingia na Glock 43 mwaka 2015.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Bastola nyembamba ni rahisi kuificha na ni ngumu kuipiga, na anayeichagua kwa kuitazama kwenye kabati la kioo dukani amechagua umbo tu, kwa kuwa bado hajajua mkono wake utalipokeaje.

Hatua ya kwanza: jua kama unaruhusiwa

Hapa Tanzania hakuna raia anayemiliki silaha ya moto bila leseni, na mlango wa jambo hili ni Jeshi la Polisi, ambalo ni la Muungano. Ndugu asidanganyike na picha za mitandaoni akadhani kwamba kinachouzwa Ohio kinaweza kupenyezwa ndani ya kontena la vyombo vya harusi. Kuingiza silaha bila kibali ni kosa la jinai hapa, na Marekani wenyewe hawaruhusu silaha isafirishwe nje bila idhini yao.

Kwa walioko Marekani, sheria ya shirikisho inamtaka mnunuzi wa bastola katika duka lenye leseni awe ametimiza miaka 21, ajaze fomu ya 4473, ambayo ni fomu ya shirikisho ya ununuzi wa silaha, na achunguzwe kumbukumbu zake. Kubeba ni jambo la kila jimbo. Ohio, kwa mfano, tangu Juni 2022 inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, asiyezuiliwa na sheria nyengine, kubeba bastola iliyofichwa bila kibali. Lakini ukivuka mpaka wa jimbo hukumu hubadilika, na kutoijua sheria ya jimbo ulilofikia hakukubaliwi kuwa ni udhuru.

Hatua ya pili: tazama mavazi yako kabla ya kutazama bastola

Unene ndio unaoonekana chini ya nguo kuliko urefu, na hii ndiyo hoja kubwa ya safu moja. Glock 43 ina unene wa takriban milimita 27, na Glock 19, ambayo ni ya safu ya kupishana yenye risasi 15, ina takriban milimita 34. Milimita saba si kitu kwenye rula, lakini chini ya shati jepesi la joto hubainisha kama watu wataona uvimbe au hawataona. Sehemu inayochongoka zaidi huwa ni ncha ya chini ya mpini, kwa hivyo mpini mfupi unaficha zaidi kuliko mtutu mfupi. Wanunuzi wengi hulipindua jambo hili, wakatafuta mtutu mfupi kabisa, kumbe mtutu umelala ndani ya suruali na haumsumbui mtu.

Hatua ya tatu: kipimo cha risasi

Hapa sitakawia. Kwa bastola ya aina hii, milimita 9 ya Parabellum, risasi aliyoibuni Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita, ndiyo chaguo la kawaida: inapatikana kila duka, bei yake inastahimilika, na ina nguvu za kutosha. Ndogo yake, .380 ya Browning, ina ganda fupi na risasi nyepesi, na inamfaa mwenye mkono dhaifu. Ipo .45, risasi nene zaidi, katika bastola nyembamba kama Springfield XD-S, lakini simpendekezei anayeanza, kwa sababu teke lake, yaani msukumo wa kurudi nyuma unapopiga, katika chuma chepesi linamfanya mtu aogope mazoezi.

Hatua ya nne: mkono

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Uzito wa bastola ndio unaomeza teke la risasi. Ukipunguza uzito, teke linabaki na mkono ndio unaolipokea. Glock 43 ikiwa na magazini tupu ina kiasi cha nusu kilo, na Glock 19 inakaribia gramu 670, nazo zinapiga risasi ile ile. Tofauti hiyo unaihisi tangu risasi ya kwanza. Isitoshe, mtutu wa milimita 80 au 90 unavisogeza karibu vilengeo vya mbele na vya nyuma, yaani vile vichuma vya juu unavyolengea, kwa hivyo kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa kwenye karatasi.

Ishike bastola, baada ya muuzaji kukuonesha kwamba chemba, yaani tundu inamokaa risasi ya kupigwa, na magazini ni tupu nawe ukahakikisha kwa macho yako, kisha tazama mambo haya. Kidole cha mwisho kina pa kukaa au kinaning'inia hewani? Kikining'inia, ulizia magazini yenye kitako kirefu. Shield ilikuja na magazini mbili, ya risasi 7 kwa kuficha na ya risasi 8 kwa kushika vizuri, na mimi naona ile ndefu ndiyo iwemo bastolani siku zote mavazi yanaporuhusu. Ncha ya kidole cha shahada inafika kwenye kifyatulio bila ya kuuzungusha mkono mzima? Hapa mpini mwembamba una fadhila ambayo haisemwi vya kutosha, kwa sababu wenye viganja vidogo, wakiwemo wanawake wengi, hawaumudu mpini mnene na hulazimika kuishika bastola upande.

Kisha ivute slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na kuingiza risasi, uivute mara kadhaa mfululizo. Bastola ndogo ina springi ngumu. Ukishindwa ukiwa umetulia dukani, utashindwa pia ukiwa na khofu. Usikubali kauli ya muuzaji kwamba italainika yenyewe.

Jambo la mwisho katika mkono ni ukakamavu wa kifundo. Bastola nyepesi huitegemea mikono iwe ukuta ambao slaidi itarudi nyuma dhidi yake. Kifundo kikilegea, fremu nzima, yaani mwili wa chini wa bastola, inarudi pamoja na slaidi, ganda halitoki sawasawa na bastola inakwama. Watu huilaumu bastola, wakati mwengine kwa haki, lakini aghlabu dawa ni mshiko.

Hatua ya tano: kifyatulio na usalama wake

Bastola nyingi za siku hizi hazina nyundo ya nje. Pini ya kupigia imo ndani na kifyatulio ndicho kinachoiachia. Baadhi zina kifungo cha usalama cha kidole gumba, nyengine, kama Glock 43, hazina. Chagua moja na uizoee hiyo hiyo. Ukiwa na kifungo, kukishusha kuwe sehemu ya kila mazoezi. Usipokuwa nacho, usalama wako ni kidole kisichogusa kifyatulio mpaka umeamua kupiga, na ala, yaani mfuko wa kubebea bastola, inayokifunika kifyatulio chote.

Hatua ya sita: ala

Ala nunua siku ile ile ya bastola. Iwe imetengenezwa kwa aina hiyo hiyo ya bastola, iwe ngumu kiasi cha kubaki wazi unapotoa silaha, na isiruhusu kitu chochote kuingia kwenye kifyatulio. Mkanda nao uwe mgumu. Ajabu ni kwamba mtu hutoa mamia ya dola kwa bastola, kisha akaitia ndani ya kitambaa cha bei ya soda.

Hatua ya saba: ijaribu kabla ya kuiamini

Kodi aina ile ile katika uwanja wa shabaha kabla ya kununua, ikiwezekana. Ukishanunua, piga walau risasi 200 kwa magazini zako zote, zikiwemo za aina hasa utakayoibeba, na ikikwama bila ya sababu inayojulikana isitoke nyumbani mpaka fundi aione.

Maswali ya wanachama

Mwanachama aliyeko Columbus, Ohio: Maalim, siku ya Ijumaa mimi huvaa kanzu. Bastola ya safu moja inakaa wapi?

Ndugu yangu, kabla ya kuuliza inakaa wapi, uliza kama inaingia. Sheria ya Ohio inakataza kubeba silaha iliyofichwa ndani ya msikiti, kanisa au sinagogi isipokuwa pahala penyewe pameruhusu, kwa hivyo kazungumze na uongozi wa msikiti wenu. Kuhusu vazi, kanzu haina mkanda, na mfuko wake ukitiwa nusu kilo ya chuma huvutwa upande mmoja hata asiyejua akajua. Anayeruhusiwa huvaa suruali yenye mkanda na ala chini ya kanzu, lakini kuifikia kunachukua muda mrefu mno, nami sioni faida yake.

Mwanachama kutoka Wete: Shikamoo Maalim. Kijana wetu yuko chuoni Marekani kwa viza ya masomo. Anaweza kununua?

Marahaba. Kwa kawaida hapana. Sheria ya shirikisho inawazuia walioingia kwa viza za muda kumiliki silaha au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kama mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu hesabu yake ni nyengine. Mwambieni kijana asiishike hata ya rafiki yake bila ya kwanza kumuuliza mwanasheria, maana kosa hilo linaweza kumharibia masomo na ukaazi pamoja.

Mwanachama wa kike, hakutaja anapoishi: Vidole vyangu vina maradhi ya viungo na slaidi inanishinda. Je, nichukue .380 ndogo kabisa?

Bibi, ndogo kabisa siyo nyepesi kuvuta, na hapa wengi hupotea. Bastola za .380 za mtindo wa zamani, kama Walther PPK, mtutu wake haujifungi pamoja na slaidi, kwa hivyo springi pekee ndiyo inayozuia nguvu ya risasi, na lazima iwe ngumu. Tazama M&P 380 Shield EZ iliyotoka mwaka 2018, ambayo ni ya safu moja, ina risasi 8, na slaidi yake imekusudiwa kwa mikono kama yako. Ni kubwa kidogo kuliko nyengine, na ukubwa huo ndio unaokusaidia.

Mwanachama kutoka Chake Chake: Makarov nayo ni milimita 9. Risasi zake zinaingiliana na hizi mpya?

Haziingiliani, bwana, na jambo hili ni la hatari. Makarov, iliyoingia katika jeshi la Wasovieti mwaka 1951, inatumia ganda la milimita 18, na Parabellum ina ganda la milimita 19. Risasi ya Makarov yenyewe ni nene kidogo. Jina la milimita 9 ni moja, vitu ni viwili. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu na ulinganishe na boksi la risasi kila mara.

Mlinzi mwenye silaha ya mwajiri, Unguja: Kutu inatushinda. Tufanyeje?

Jasho na upepo wa bahari vyote vina chumvi, na bastola ya kubebwa mwilini inavipata pamoja. Slaidi iliyotiwa naitraidi, yaani iliyokomazwa uso wake kwa naitrojeni, kama za Glock, inastahimili sana kuliko chuma kilichotiwa dawa ya rangi ya buluu ya zamani, ila pini, springi na skrubu bado hushika kutu. Wiki moja isipite bila kuifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ikiwa tupu, na isilazwe ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunywa jasho na kulihifadhi.

Mwanachama aliyeko Minnesota: Maalim, tangu SIG P365 itoke mwaka 2018 na risasi 10 katika mwili mdogo vile, safu moja ina maana gani tena?

Swali zuri, na sitalikwepa. P365 inazipanga risasi zikipishana kidogo tu, mpini haunenepi sana, na Springfield Hellcat ikafuata mwaka 2019 na risasi 11. Smith & Wesson wenyewe waliitoa Shield Plus mwaka 2021 kwa njia hiyo hiyo. Kama unanunua leo, fedha ipo na kiganja chako kinaenea, anza kuzishika hizo. Safu moja nambakishia mwenye kiganja kidogo, na yule anayeipata Shield ya zamani iliyotunzwa vyema kwa bei ya chini na tofauti ya bei akainunulia risasi za mazoezi. Zishike zote mbili siku moja, piga magazini mbili kwa kila moja katika umbali wa mita 7, kisha uzitazame karatasi mbili zile bila ya kusoma jina la bastola.