Ngazi ni njia ya kupandia, si mahali pa kukaa kazini

Nilianguka kutoka ngazini ndani ya ghala moja huko Shimanzi, Mombasa. Hapakuwa juu sana, kama mita 3, na ngazi ilikuwa mpya. Nilikuwa nimeiegemeza juu ya mlango ambao niliambiwa haufunguliwi saa zile. Ukafunguliwa. Kisigino cha kulia kilivunjika, nikakaa nyumbani Kisauni miezi 5 sishiki brashi. Tangu hapo kijana akija kwangu kujifunza rangi, wiki ya kwanza haigusi rangi. Anajifunza ngazi.

La kwanza ninalomwambia: ngazi ni njia. Utaipanda ufike mahali, au utaisimamia kwa kazi nyepesi ya muda mfupi, kama kuziba ufa au kumalizia kona. Kazi ikizidi nusu saa, au ikitaka mikono miwili na nguvu, mfano kutoboa ukuta kwa drili, dai jukwaa. Tajiri akisema jukwaa ni gharama, mwambie Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imemwekea yeye jukumu la usalama wa pale kazini.

Kabla ya kupanda, ilaze ngazi chini uikague. Usiikague ikiwa imesimama, hutaona kitu. Pitisha kidole gumba chini ya kila kidato, pale kinapoingia kwenye mti wa ubavuni. Sisi tuko baharini, na chumvi inakula polepole. Kwenye alumini utakuta unga mweupe kando ya ribiti, zile pini zinazobana vidato. Ukwangue kwa ukucha. Ukiona kishimo, au ribiti inacheza, ngazi hiyo imekwisha. Kwenye mbao msumari huliwa na kutu ndani ya mti huku kichwa chake nje kikionekana kizima, kwa hiyo shika kidato kwa mikono miwili ukisokote kama unayekamua nguo. Kikizunguka hata kidogo, usipande. Ngazi ya mbao iliyopakwa rangi mimi siinunui, kwa sababu rangi inaficha nyufa. Mwisho tazama miguu: raba ziwe zote mbili, na zisiwe zimelika upande.

Kuegemeza kuna kipimo chake. Ikiwa ngazi inagusa ukuta mita 4 juu, miguu ikae mita 1 kutoka ukutani. Huna futi? Simama vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikishika kidato bila wewe kuinama, mwinamo uko sawa. Ukipanda paani, ngazi ipite ukingo wa paa kwa kiasi cha mita 1 upate pa kushika unapovuka. Ifunge juu kwa kamba, miti yote miwili, na mpaka imefungwa mtu asimame chini aishike. Huyo mtu asiwe na simu mkononi.

Mji wa Kale una shida yake. Vichochoro vingine ni vyembamba mno, ukitaka kufika ghorofa ya pili hupati nafasi ya kuvuta miguu nyuma, basi watu huisimamisha ngazi wima. Ngazi ya wima inakuangusha chali ukijivuta tu. Hapo jenga jukwaa, hakuna njia nyingine. Na kuta zile za matumbawe na chokaa zinamong'onyoka, kwa hiyo usiegemeze ncha za ngazi kwenye plasta iliyovimba, wala kwenye nakshi za roshani, wala kwenye mfereji wa plastiki wa maji ya mvua.

Umeme ndio unaoniogopesha kuliko kuanguka. Karibu na nyaya alumini isikaribie kabisa. Tumia ngazi ya faiba (fiberglass) iliyo kavu na safi. Mbao iliyolowa nayo hupitisha umeme. Unapobeba ngazi, ibebe imelala. Kaa mbali na nyaya za barabarani angalau mita 3, na zile za nguvu kubwa zaidi ya hapo, kwa kuwa umeme wake huruka hata kabla hujagusa. Ikitokea ngazi ya mwenzako imeshika waya, usimvute. Zuia watu wasisogee, na Kenya Power wakate umeme kwanza. Najua ni vigumu kusimama ukitazama, lakini anayekimbilia huwa wa pili kufa.

Kwenye maghala na karakana, hatari kubwa inatoka pembeni: foklifti, lori linalorudi nyuma, mlango. Zungushia utepe, weka mtu wa kuzuia, na mlango ulio nyuma ya ngazi ufungwe kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Neno la mlinzi peke yake halitoshi. Penye matangi ya mafuta usilete ngazi yoyote bila kibali cha kazi kilichoandikwa. Na kama ngazi ni ya kuteremkia shimo la choo au tangi, usiteremke mpaka hewa ipimwe. Mle ndani hewa chafu humwangusha mtu kabla hajaita.

Ukiwa juu, uso uelekee ngazi, kupanda na kushuka. Wakati wote sehemu 3 za mwili zishike: miguu miwili na mkono, au mikono miwili na mguu. Mkebe wa rangi uvutwe kwa kamba baada ya wewe kufika. Kitovu kisitoke nje ya miti miwili. Ukiona unanyoosha mkono, shuka uhamishe ngazi. Vidato 3 vya juu usivikanyage. Msimu wa Kusi, upepo ukianza kutikisa mabati, teremka.

Jioni isuuze kwa maji baridi ya bomba, uiweke kivulini. Iliyoharibika ikate vipande kwa msumeno. Niliwahi kuitupa moja jalalani nzima siku ya Jumamosi. Jumatatu niliikuta imeegemezwa kwenye nyumba mtaa wa pili, na kijana yuko kidato cha juu kabisa. Nilimwita, "Mwanangu, shuka polepole," nikaishika mpaka akafika chini.