Kuwawezesha wanasayansi chipukizi kwenye mkutano wa biolojia ya seli za neva: la kufanya, hatua kwa hatua

Ukiwekwa kwenye kamati ya maandalizi, anza na chipukizi kabla ya kuwaandikia wazungumzaji wakubwa. Wakubwa watakuja tu. Mwanafunzi wa uzamivu kutoka Dar es Salaam au Kisumu haji mpaka mambo kadhaa yapangwe mapema.

Hatua ya 1: Lipa wewe

Hapa ndipo wengi hukwama. Tangazo linasema ufadhili upo, kumbe maana yake mwanafunzi anunue tiketi ya ndege, alipie hoteli, atunze risiti, halafu asubiri kurudishiwa. Fedha hizo azitoe wapi? Nunua tiketi kupitia wakala, lipia chumba moja kwa moja, msamehe ada ya usajili, na posho ya kujikimu aipate siku anayofika. Mfadhili akidai risiti kwanza, chuo chako kitangulize fedha. Pa kuomba papo: IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo lililoanzishwa 1961, limekuwa likisaidia vijana kuhudhuria mikutano.

Hatua ya 2: Hesabu siku za viza

Mkutano ukiwa Ulaya, ombi la viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za huko, hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ila unaweza kufika 45, na miadi ya kupeleka fomu nayo ina foleni yake. Kwa hiyo majibu ya ikisiri (muhtasari wa utafiti ambao mwombaji hutuma) yatoke miezi minne kabla ya mkutano. Barua ya mwaliko itaje nani analipia nini: nauli, malazi, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Barua ya "tunafurahi kukualika" peke yake haimfikishi mtu popote.

Hatua ya 3: Wape jukwaa

Usiwarundike wote kwenye kikao cha mabango ya utafiti. Baadhi ya mikutano ya Gordon Research Conferences hutanguliwa na semina ya siku mbili inayoendeshwa na wanafunzi na watafiti vijana wenyewe. Iga hiyo. Huna siku za ziada? Dakika tatu kwa kila mmoja, kwenye ukumbi mkuu, si chumba cha pembeni baada ya chai.

Hatua ya 4: Pitieni picha pamoja

Kaeni kwa video wiki mbili kabla. Tuseme kijana anafuatilia mitokondria (vizalisha nishati vya seli) zinavyosafirishwa ndani ya aksoni (mkia mrefu wa seli ya neva). Ataleta kaimografu, picha moja inayoonyesha mwendo kwa mistari: umbali umelala, muda unashuka. Ameitazama miezi na miezi, haoni tena haja ya kuieleza. Mwambie aandike pembeni yake kwamba mstari wima ni mitokondria iliyosimama, wa mshazari ni inayotembea, na kadiri unavyolala ndivyo mwendo ulivyo wa kasi. Aonyeshe pia mwili wa seli uko upande gani, la sivyo hakuna atakayejua kama mzigo unapelekwa na kinesini kuelekea ncha ya aksoni au unarudishwa na dayneini (zote mbili ni protini za kubeba mizigo ndani ya seli).

Rangi: nyekundu na kijani visikae pamoja. Karibu 8% ya wanaume wenye asili ya Ulaya wana shida ya kuzitofautisha. Majenta na kijani zinatosha.

Hatua ya 5: Swali la kwanza ni la chipukizi

Mwenyekiti wa kikao atangaze hivyo, kisha anyamaze hata kama ukimya unakera. Si adabu tu. Utafiti wa semina za vyuo vikuu uliochapishwa 2018 uliona kwamba swali la kwanza likiulizwa na mwanamume, wanawake huuliza machache zaidi.

Mlo wa jioni nao upange meza kwa majina. Ukiwaachia, maprofesa watakaa na maprofesa wenzao.

Hatua ya 6: Kabla hawajaondoka

Muulize kila mmoja ni maabara gani angependa kwenda kujifunza mbinu, umkutanishe na mwenye maabara hiyo papo hapo. The Company of Biologists ya Uingereza hutoa ufadhili wa ziara za namna hiyo kwa wanafunzi wa uzamivu na watafiti wachanga. Mkubaliane nani ataandika barua ya kumpokea, na lini.