Ukisimamishwa na polisi Marekani, usishuke garini

Dereva wa Nairobi akipungiwa mkono na trafiki pale Pangani au kwenye Mombasa Road, huegesha, hushusha kioo, na maneno yakianza kuwa marefu hufungua mlango akashuka. Kushuka ni adabu. Afande anaelewa kwamba hujamdharau na kwamba uko tayari mzungumze kando, mbali na masikio ya abiria. Makanga wa matatu naye hukimbilia nyuma ya gari kabla hata hajaitwa, na kila mtu anajua anakwenda kufanya nini. Wakati mwingine afande mwenyewe hufungua mlango wa mbele, akaketi na kusema, "Twende stesheni." Hakuna anayeshtuka.

Nawaandikia ninyi mlioko Marekani, na ninyi mnaofunga mabegi kuelekea JKIA, kwa sababu mazoea haya yote, mazuri na mabaya, kule husomwa kinyume. Askari wa Marekani hufunzwa kulikaribia kila gari kana kwamba ndani yake kuna bunduki. Dereva anayeshuka bila kuambiwa haonekani mwenye heshima. Anaonekana anakuja kushambulia au anatafuta pa kukimbilia. Na kiunoni mwa askari huyo, mbali na bastola, huwa kuna kitu ambacho trafiki wetu hatembei nacho: bunduki ya umeme, ambayo wengi huiita Taser kwa jina la kibiashara.

Kisa cha Patrick Lyoya kilituingia sana huku kwa kuwa baba yake alizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili, mkalimani akiwa kando. Lyoya alikuwa Mkongomani wa miaka 26, na familia yake iliingia Marekani kama wakimbizi. Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, Michigan, askari alimsimamisha kwa madai kwamba nambari za gari hazilingani na gari lenyewe. Lyoya akashuka. Askari akamwambia arudi ndani, akamuuliza kama anajua Kiingereza, akataka leseni. Lyoya akasitasita, kisha akaanza kuondoka. Askari akamshika, wakakimbizana, wakakabana. Bunduki ya umeme ilifyatuliwa bila kumpata sawasawa, na wakawa wanaigombania. Mwishowe askari alimpiga risasi ya kisogoni akiwa amelala kifudifudi. Askari huyo alishtakiwa kwa mauaji. Mei 2025 baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia, lilishindwa kuafikiana, na kiongozi wa mashtaka akatangaza kwamba hataianzisha kesi upya.

Sisemi kushuka ndiko kulikomuua. Aliyeua ni aliyefyatua. Ila mimi siwezi kuwafunza upya polisi wa Michigan, na wewe huwezi, kwa hiyo tuzungumzie kilicho mikononi mwetu.

Kwanza kifaa chenyewe. Kinarusha vishale viwili vidogo vilivyofungwa kwenye nyaya nyembamba. Vikinasa mwilini au kwenye nguo, umeme unapita kati yake na misuli inakakamaa, mtu anaanguka kama gogo bila kuweza kujikinga kwa mikono. Mkupuo mmoja wa kawaida ni sekunde 5, lakini askari akiendelea kubana kifyatulio, umeme nao unaendelea. Kuna namna ya pili: kukigandamiza kifaa moja kwa moja kwenye paja au shingo bila vishale. Hiyo haikakamazi mwili wote, inaumiza tu, na lengo lake ni kukufanya utii kwa maumivu. Majeraha mengi mabaya hutokana na kuanguka, hasa kwenye lami. Moyo nao umo katika hatari: mwaka 2009 kampuni inayotengeneza Taser, ambayo sasa inaitwa Axon, iliwashauri polisi waepuke kulenga kifua.

Hapa kuna jambo wachache huambiwa. Umeme ukiwa mwilini, huwezi kutii. Utasikia unaamriwa kwa kelele uweke mikono mgongoni, na mikono haitasogea. Umeme ukikatika, usijaribu kuinuka, usikung'ute vishale, usigeuke kumtazama aliyekupiga. Lala hapo hapo, fungua viganja, sema kwa sauti kwamba unatii. Mtu anayejikunyata kwa maumivu huandikwa kwenye ripoti kuwa alikuwa "akipinga kukamatwa", na mkupuo wa pili hupata sababu.

Sasa, je, sheria ya Marekani inaruhusu mtu apigwe umeme kwa kosa la barabarani? Kesi mbili za pwani ya magharibi zinajibu vizuri, na zote mbili zingeweza kumpata mtu wa Umoja au Kawangware.

Mwaka 2005 kijana Carl Bryan, mwenye miaka 21, alisimamishwa Coronado, California, kwa kutofunga mkanda. Alikuwa na hasira na nafsi yake, akashuka akiwa na kaptula ya ndani tu na viatu, akawa anajipigapiga mapaja na kujisemesha. Askari alisema alimwamuru abaki ndani; Bryan alisema hakusikia. Walikuwa wameachana hatua kadhaa. Askari akamfyatulia umeme, Bryan akaanguka kwa uso na kuvunjika meno manne ya mbele.

Mwaka mmoja kabla, mjini Seattle, Malaika Brooks alikuwa akimpeleka mwanawe shuleni, naye ana mimba ya miezi saba. Akasimamishwa kwa mwendo wa kasi karibu na shule. Akaandikiwa karatasi ya kosa, akakataa kutia sahihi kwa kuamini kwamba sahihi ni kukiri. Mkenya gani angefikiri tofauti? Huku kwetu ukitia sahihi karatasi ya polisi bila kuisoma, jamaa watakucheka mpaka Krismasi. Polisi walimgandamizia kifaa mara tatu, pajani, mkononi na shingoni, kwa muda usiofika dakika moja, kisha wakamtoa garini na kumlaza chini.

Mahakama ya rufaa ya eneo hilo ilisema, kwa kila kisa, kwamba ukidhani ushahidi wa mlalamikaji ni kweli, nguvu ilipita kiasi. Hapo ungetarajia fidia. Lakini iliwakinga askari binafsi wasidaiwe, kwa hoja kwamba wakati huo sheria haikuwa wazi vya kutosha. Uamuzi wa Brooks ulitoka 2011. Mtoto aliyekuwa tumboni alikuwa ameshaanza shule. Ndiyo maana nasema haki yako iko, ila haiko barabarani. Barabarani kuna askari, umeme na lami.

Kwa hiyo tia sahihi. Katika majimbo yanayodai sahihi, maana yake ni kwamba umepokea karatasi na utalipa au utafika mahakamani. Ubishi wote upeleke huko, ambako jaji hana kifaa kiunoni.

Na unapoona taa za buluu na nyekundu kwenye kioo, washa indiketa na sogea kulia, si kushoto kama Thika Road. Zima injini. Kama ni usiku, washa taa ya ndani. Shusha kioo, weka mikono juu ya usukani, na wenzako waweke yao mahali inapoonekana. Simu iwe kwenye kishikio cha dashibodi tangu mwanzo wa safari. Ukitaka kurekodi, washa kabla askari hajafika dirishani, usianze kuichakura mfukoni akiwa amesimama hapo. Kurekodi askari akiwa kazini hadharani kwa ujumla kunalindwa na katiba yao, mradi humzuii kazi. Kwa Lyoya, kamera ya kifuani mwa askari ilizimika katikati ya purukushani. Simu ya abiria wake ndiyo iliyonasa mwisho.

Usifungue dashibodi kutafuta karatasi kabla hajafika. Akiomba leseni, mwambie iko wapi na kwamba unataka kuichukua, ngoja akubali, kisha uende polepole. Maneno hayo yafanyie mazoezi kwa Kiingereza sebuleni, kwa sauti, mpaka yatoke yenyewe. Hofu hula lugha ya pili kwanza, na askari akiuliza kitu usichoelewa, jibu baya kuliko yote ni kimya kinachofuatwa na mkono kuingia mfukoni. Sema kwamba hujaelewa, na kwamba unaomba arudie.

Akikuamuru ushuke, shuka. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1977 kwamba askari anaweza kumtoa dereva garini hata kwa kosa dogo, na mwaka 1997 ikaongeza abiria. Hapo hakuna mjadala wa kushinda. Akiomba kupekua gari, unaweza kusema kwa upole kwamba hukubali. Akipekua, usimzuie kwa mwili. Umesema, kamera imesikia, yatosha.

Na jamani, pesa. Usikunje noti ndani ya leseni, hata kwa mzaha. Kule utakuwa umegeuza faini ya barabarani kuwa kesi ya hongo, na hongo haifutwi na kucheka.

Ukiona nukta nyekundu ya leza ikicheza kifuani mwako, au ukisikia neno "Taser" likipigwa kelele, hapo hakuna la kueleza tena: simama tuli, mikono juu, viganja wazi. Ukiwa mjamzito, una ugonjwa wa moyo au kifaa cha kuuendesha, liseme hilo mapema kabisa. Tena usidhani kelele hiyo inamaanisha risasi haitatoka. Aprili 2021 huko Brooklyn Center, Minnesota, askari alipaza neno hilo hilo akamfyatulia Daunte Wright bastola. Kijana huyo, mwenye miaka 20, alikuwa amesimamishwa kwa stika ya usajili iliyokwisha muda. Askari alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia.

Ukishapigwa, dai matibabu hata kama unajisikia mzima. Vishale vitolewe na mtu aliyefunzwa. Piga picha za alama siku hiyo hiyo, maana hufifia upesi, na andika saa, barabara, jina na namba ya askari. Kisha tafuta wakili haraka, kwa sababu muda wa kudai ni mfupi kuliko watu wanavyodhani: kwa kawaida siku 90 kuwasilisha notisi dhidi ya jiji la New York, miezi 6 kwa madai kama hayo California. Wengi wetu husubiri "mambo yatulie" kwanza. Yakitulia, mlango umefungwa.

Kwa asiye raia kuna mtego mwingine, na nadhani ndio unaowaumiza watu wetu zaidi ya umeme wenyewe. Baada ya purukushani huwa kuna mashtaka ya kupinga kukamatwa au kumshambulia askari. Utaambiwa kiri, ulipe kidogo, uende nyumbani. Kukiri kunaweza kuigusa viza yako au ukaaji wako wa kudumu. Tangu mwaka 2010, katika kesi ya dereva wa lori aliyezaliwa Honduras, Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai lazima amweleze mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini. Basi muulize wakili wako swali hilo moja kwa moja, hata kama ni wa serikali na ana haraka. Unaweza pia kuomba ubalozi wa nchi yako ujulishwe. Mkataba wa Vienna wa 1963 unakupa haki hiyo.

Mlioko Uingereza hali ni nyepesi kidogo. Lazima usimame ukiamriwa na askari aliyevaa sare, lakini kama huna karatasi mkononi unaweza kupewa siku 7 kuzipeleka kituoni. Taser hubebwa na askari waliopitia mafunzo maalumu. Kwako wewe ni silaha iliyopigwa marufuku, kwa hiyo ile tochi ya umeme ya kujilinda iliyonunuliwa mtandaoni usiingie nayo, wala usimtumie binamu.

Na ninyi mliobaki Nairobi, mama, kaka, shangazi wa Buruburu: wekeni jina kamili la mtu wenu kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe yake ya kuzaliwa, na jina la kaunti anayoishi. Jela nyingi za kaunti huweka orodha ya mahabusu mtandaoni, na kwa jina na kaunti mtampata. Mtu akiwapigia simu akidai ni polisi wa Marekani na anataka dhamana itumwe kwa M-Pesa au kwa kadi za zawadi za dukani, kateni simu, kisha mpigie jela yenyewe kwa namba iliyo kwenye tovuti ya kaunti.