Kabla ya kubadili ukubwa wa picha: mambo ya kuweka sawa kwanza

Picha ya mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo huweza kung'aa kwenye simu, ikifika stesheneri kuchapwa A3 ikatoka na ukungu. Lawama huangukia programu au printa, ilhali faili lenyewe lilishaharibika njiani.

Kwa hiyo chanzo kwanza. Tafuta faili lilelile lililotoka kwenye kamera. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida hupunguza pikseli (vijinukta vinavyounda picha) na kuibana, basi mwombe mpigaji aitume kama dokumenti au aihamishe kwa waya. Kisha fungua sifa za faili. Simu ya megapikseli 12 hutoa takribani pikseli 4000 kwa 3000. Ukikuta upande mrefu una 1600 tu, rudi ukaombe nyingine. Skrinishoti usiipokee kabisa.

Pili, jua picha inakwenda wapi, kwani hapo ndipo hesabu ilipo. Chapa ya kushikwa mkononi huhitaji pikseli 300 kwa inchi: A4 ni 2480 kwa 3508, A3 ni 3508 kwa 4961. Ile ya 4000 kwa 3000 inatosha A4 bila shaka. Kwenye A3 itashuka hadi 242 hivi kwa inchi, bado inafaa ukutani, ila utakata pikseli kama 170 upande mfupi kwa sababu umbo la karatasi ni jembamba zaidi. Amua mapema kipi kikatwe. Usiivute picha ijae, watu watarefuka. Bango la tamasha la mita 2 huweza kutumia faili hilohilo: ni pikseli 51 kwa inchi, lakini mtu hulitazama akiwa ng'ambo ya barabara.

Kugeuza namba ya pikseli kwa inchi iliyoandikwa kwenye faili, tuseme 72 kuwa 300, bila kuongeza pikseli hakubadilishi ubora hata chembe. Pikseli zikiongezwa, programu inakisia rangi kutokana na zile jirani. Ukikuza mara moja na nusu huenda isionekane. Mara tatu, kingo za nakshi hulegea, na vile vijiboksi vya pikseli 8 kwa 8 vya JPEG (aina ya faili ya picha iliyobanwa) hujitokeza waziwazi.

Kupunguza nako kuna mtego wake. Mistari myembamba inayojirudia, kama ya paa la makuti au mkeka wa ukili, huzaa mawimbi ya ajabu pikseli zikiwa chache kuliko mistari. Kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha), sehemu ya Interpolation, chagua Cubic badala ya None, ambayo hurukaruka pikseli na kuacha kingo zenye meno. Mawimbi yakibaki, fifisha picha kidogo kabla ya kupunguza. Kunoa, yaani kukaza kingo za picha, kuje mwisho kabisa, kwa rediasi (upana wa eneo linalonolewa kandokando ya ukingo) ya pikseli 0.5 hadi 1. Ukinoa mapema, kunoa huko kunapotea.

Fanya kazi kwenye nakala, na uihifadhi kwa TIFF au XCF (faili la GIMP lenyewe), ambazo hazipotezi ubora. JPEG hupoteza kitu kila inapohifadhiwa upya, hivyo itoe mara moja tu, ubora 90 au zaidi, na kila mara anzia faili mama hata kama unataka saizi tano.

Kabla ya kulipia A3, kata kipande chenye nakshi nyingi zaidi, kiweke kwenye A4 kwa saizi ileile kitakayokuwa nayo kwenye A3, ukichape uone.