Namna ya Kuhifadhi Kumbukumbu za Wazee Walioyaona Magari ya Safari Yakipita

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1953, magari ya mashindano ya Coronation Safari yalipopita kwa mara ya kwanza katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, leo amevuka miaka 80, na kijana aliyekuwa na nguvu za kulisukuma gari lililozama kwenye tope siku zile, kama bado yuko hai, amevuka 90 au anaikaribia. Anayetaka kuziandika kumbukumbu hizo asingoje likizo ya mwakani. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu, daftari, na babu au bibi aliyeishi kando ya barabara. Hauhitaji shahada ya historia, ingawa ni vizuri ayajue mashindano yenyewe kiasi cha kutosha asije akayaelewa vibaya maneno ya mzee.

Yaliyokwisha kuandikwa hayana haja ya kumchosha mzee. Inajulikana kwamba mbio za magari zilikuwapo Kenya kabla ya Safari, katika kiwanja cha Langa Langa karibu na Gilgil, ambacho jina lake wasomaji wa magazeti yetu wanalitambua, kwa kuwa hadi leo mbio za Formula One huitwa langalanga. Inajulikana pia kwamba Eric Cecil alipomshawishi binamu yake, Neil Vincent, ashindane Langa Langa, Vincent alikataa kuzunguka mahali pamoja na akasema yeye angependa mashindano ya kuvuka nusu ya Afrika na kurudi. Wazo hilo ndilo lililozaa Coronation Safari, iliyofanyika mwishoni mwa mwezi wa Mei 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na ambayo mwaka 1960 ilibadilishwa jina ikawa East African Safari. Waendeshaji, magari na matokeo vimo katika magazeti ya wakati huo. Ambavyo havimo, au vimo kwa sentensi moja tu, ni habari za waliosimama kando ya barabara: nani alisukuma, alilipwa nini, mbuzi wa nani alikanyagwa na nani alimfidia, na shule gani ilifungwa mapema ili watoto wakashangilie. Hizo ndizo unazozifuata, na ukishalielewa hilo, nusu ya maswali yako ya awali utayafuta mwenyewe.

Kabla ya kwenda

Jitengenezee karatasi moja ya miaka na magari, kwa sababu gari ndilo jambo ambalo mzee hulikumbuka kuliko jina la dereva. Andika kwamba mwaka 1953 Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza; kwamba Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda mwaka 1954 kwa Volkswagen na mwaka 1955 kwa Ford Zephyr. Kwamba miaka ya 1959 na 1960 ilikuwa ya Bill Fritschy na Jack Ellis katika Mercedes 219. Kwamba Peter Hughes na Billy Young walishinda mwaka 1964 kwa Ford Cortina GT, na ndugu wawili, Joginder Singh na Jaswant Singh, mwaka 1965 kwa Volvo. Peugeot 404 ilishinda miaka ya 1963 na 1968 ikiendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff, na miaka ya 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Mara nne katika miaka sita si haba, na maana yake kwako ni kwamba mzee akisema "ulikuwa mwaka wa pijo" bado hajakupa mwaka.

Karatasi hiyo ikishakamilika, itie mfukoni na usiitoe. Nasema hivyo kwa sababu mara ya kwanza niliitoa. Nilikuwa nimemtembelea mzee mmoja katika milima ya Usambara, rafiki wa marehemu babu yangu, naye alikuwa ameanza kunieleza jinsi gari jeupe lilivyoteleza kwenye kona iliyo chini ya nyumba yao na likaegemea mgomba. Nikamkatiza nikamwambia kwamba, kwa mujibu wa orodha yangu, gari la mwaka anaoutaja halikuwa la aina ile. Alinitazama, akanyanyua kikombe chake cha chai, akasema, "Basi mjukuu wangu, wewe unajua." Hakuongeza neno mpaka jua likazama. Ilinibidi nirudi baada ya miezi miwili nikiwa na kilo mbili za sukari na adabu zaidi, na siku hiyo nikabaini kwamba hakuwa amezungumzia mshindi hata kidogo. Lilikuwa gari mojawapo tu kati ya mengi yaliyopita.

Kulifikia jambo lenyewe

Mzee asiulizwe, "Je, unaikumbuka Safari ya mwaka 1963?" Atajibu ndiyo kwa heshima, au hapana kwa uchovu, na vyote viwili havikusaidii. Baada ya shikamoo, habari za nyumbani na za mashamba, mwombe akuonyeshe barabara ya zamani ilipopita. Ikiwa miguu yake ina nguvu, mwende pamoja hadi hapo. Barabara nyingi zimehamishwa tangu wakati ule, na mzee akisimama mahali penyewe huanza kusimulia bila kuulizwa, akikuonyesha kwa fimbo palipokuwa na daraja la magogo, duka la Mhindi, na mti ambao watoto walipanda ili wayaone magari kabla ya wenzao.

Kisha uliza kuhusu tope. Kwa maeneo mengi tope ndiyo habari yenyewe, kwa sababu mashindano yalikuja kuzoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, nayo Pasaka huangukia katika masika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza; mwaka 1968 yaliondoka 93 na yakamaliza 7 vilevile. Ukizisoma tarakimu hizo kandokando ya simulizi za kijijini, unaona kazi waliyoifanya watu ambao hawakuandikwa popote: gari lililokwama lilihitaji migongo ya wanaume wanane au kumi, matawi ya miti chini ya magurudumu, na wakati mwingine jozi ya ng'ombe wa kulima. Uliza walikuwa wangapi, nani aliwaita, walisimama upande gani wa gari, na baada ya kulitoa walipewa nini. Swali la malipo huamsha kumbukumbu kuliko jingine lolote. Nimewahi kuambiwa shilingi moja ya kugawana watu sita, kopo la nyama, na sehemu moja nikaambiwa "asante ya mkono dirishani, na tope usoni".

Waulize wanawake pia, na uwaulize peke yao, si wakiwa wamekaa nyuma ya waume zao. Nimegundua kwamba wanaume husimulia magari, ilhali wanawake husimulia siku yote: nini kilipikwa, mtoto gani alikuwa mgongoni, wakwe gani walikuja kwa ajili ya sikukuu wakachelewa kwa sababu polisi walifunga njia. Kwa kupata mwaka, habari hizo za pili ndizo zenye faida.

Kuupata mwaka

Mzee haitaji tarehe, hutaja mambo. Uliza kama ilikuwa kabla au baada ya bendera mpya kupandishwa, ukikumbuka kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Uganda tarehe 9 Oktoba 1962 na Kenya tarehe 12 Desemba 1963, hivyo "kabla ya Uhuru" ya Kampala na "kabla ya Uhuru" ya Nakuru si kitu kimoja. Uliza kuhusu mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 1961, ambazo wengi huzikumbuka kwa madaraja yaliyosombwa. Tanzania kuna Muungano wa Aprili 1964 na Azimio la Arusha la Februari 1967. Zaidi ya hayo, shikilia mambo ya nyumbani: mtoto wa ngapi alikuwa amezaliwa, mzee alikuwa ameshatahiriwa au ameshaoa, nyumba ilikuwa na bati au nyasi. Cheti cha ubatizo cha mtoto wa kwanza kimenipa mwaka mara nyingi zaidi kuliko kitabu chochote.

Yule mzee wa Usambara, kwa mfano, aliponisamehe aliniambia kwamba walikuwa wakitoka kanisani katika ibada ya Ijumaa Kuu, mkewe akiwa na mimba ya mtoto wa pili, na kwamba askari aliyewazuia pembeni ya barabara alikuwa Mwafrika mwenye cheo, jambo ambalo yeye alikuwa hajaliona kabla. Mtoto wa pili alizaliwa Julai 1962. Sikuhitaji kuuliza zaidi.

Uwe na tahadhari kwa Kenya ya kati. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952 hadi Januari 1960, na mzee wa Nyeri au Murang'a anaweza kukuambia kwamba magari ya wazungu yalipita yakishindana wakati yeye hakuruhusiwa kwenda hata mtaa wa pili bila pasi. Usimrudishe kwenye magari. Andika anachosema kwa mpangilio anaoutaka, kwa kuwa kwake hiyo ndiyo kumbukumbu ya mashindano. Na akikataa kuendelea, funga daftari.

Lipo kosa moja ambalo karibu kila mwandishi mgeni hulifanya. Mzee atasema kwamba gari fulani "lilikuwa la kwanza", na wewe utaandika kwamba lilishinda. Magari ya Safari hayakuondoka pamoja kama farasi. Yaliachiwa moja moja, yakipishana kwa dakika chache, na mshindi alipatikana kwa kuhesabu adhabu za kuchelewa katika vituo vya ukaguzi. La kwanza kupita kijijini lilikuwa aghalabu lile lenye namba ndogo mlangoni, basi. Mwaka 1965 ni wa pekee, maana Volvo ya Joginder Singh ndiyo iliyobeba namba 1, hivyo aliyeiona ya kwanza njiani na akajiambia kwamba ndiyo inayoongoza hakuwa mbali na ukweli. Kwa miaka mingine andika "la kwanza kupita", na uache hapo.

Vilevile usishangae mzee akisema gari la mashindano lilikuwa "kama la daktari wa misheni". Katika miaka ya mwanzo magari yalitakiwa kuwa yaleyale yaliyouzwa madukani, nayo yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake. Huenda lilikuwa kama la daktari kweli, tofauti ikiwa ni namba na tope.

Kurekodi na kunakili

Kuhusu simu sina mengi. Omba ruhusa kwanza, zima mawasiliano ili isiite, iweke juu ya khanga iliyokunjwa badala ya meza tupu, na kaeni mbali na paa la bati ikiwa wingu limetanda. Hakikisha ina nafasi. Mimi nilipoteza dakika 40 za bibi mmoja wa Mombo kwa sababu simu ilijaa nami nikaendelea kutikisa kichwa kwa furaha. Jioni hiyohiyo nakili faili mahali pawili, ulipe jina lenye tarehe na kijiji, na uandike katika daftari yale ambayo simu haikuyaona: alinyoosha mkono upande gani, alicheka wapi.

Ukinakili, andika anavyosema. Ikiwa aliyaita mashindano "resi" usiandike "mashindano ya magari", na ikiwa dereva ni "Kalasinga" au "Singasinga", liache neno lake hapo na jina kamili uliweke katika maelezo yako ya pembeni. Lugha ya kienyeji ikiingia, ibakize, kisha uitafsiri chini yake.

Hapo ndipo unapotoa ile karatasi mfukoni. Linganisha simulizi na magazeti ya wakati huo, kama vile East African Standard na Tanganyika Standard, na kwa Kiswahili Baraza lililokuwa likichapwa Nairobi. Anzia katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi, au katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye sehemu ya vitabu vya Afrika Mashariki. Tafuta wiki ya Pasaka ya mwaka unaoudhania pamoja na wiki moja kabla yake, kwa kuwa ramani ya njia ilichapishwa mapema. Kama njia haikupita kijijini mwaka huo, jaribu mwaka ulio kabla na ulio baada. Pasipolingana, weka yote mawili, simulizi na gazeti, bila kulifanya mojawapo kuwa hakimu. Waandishi wa magazeti nao walikuwa wakingoja mjini kwenye kituo cha ukaguzi, hawakuwa kwenye ile kona.

Mwisho, rudi ukamsomee mzee ulichoandika, kwa sauti, polepole, kabla hujampa mtu mwingine yeyote. Nilipomsomea yule wa Usambara, alisikiliza akiwa amefumba macho hadi nilipofika mahali palipoandikwa kwamba walilisukuma gari aina ya Peugeot. Akayafumbua.

"Huyo ni nani?"

Nikamweleza kuwa ndilo lile pijo.

"Basi andika pijo," akasema, "na uandike kwamba mimi nilikuwa kwenye gurudumu la nyuma, la kushoto."