Jifunze kigasha na kiganja kwa kuushika mkono wako mwenyewe, hatua kwa hatua

Nawaandikia hasa wadogo zangu mnaosoma fiziotherapia, unesi na utabibu mnaokuja praktiko huku Moshi, ila hata kama we ni fundi cherehani au unachuma kahawa soma tu, mkono ni wako na unautumia kila siku. Naona wanafunzi wengi wanafika wodini wamekariri majina yote ya misuli, alafu ukimwambia haya nionyeshe kwenye mkono wako huo msuli uko wapi, anaanza kutafuta ukutani. Mkono haukaririwi, unashikwa.

Na kitu kimoja ukiweke kichwani tangu mwanzo: vidole havina misuli ndani yake. Kiganja kina misuli midogo midogo ya kazi ndogo ndogo za ustadi, lakini nguvu ya kukunja na kunyoosha vidole inatoka juu huku kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, inashuka kwa kano ndefu kama waya wa breki ya baiskeli, mkono wa breki uko mbali na gurudumu lakini ndio unaolisimamisha. Ukilielewa hili maumivu mengi ya mkono yataanza kukueleza yenyewe yanakotoka.

Vua saa na bangili, kunja shati mpaka juu ya kiwiko, tafuta meza na kalamu ya kuchorea kwenye ngozi.

Hatua ya 1: mifupa miwili

Anzia kwenye ncha ya kiwiko, teremsha kidole kwa upande wa kidole kidogo. Huo mfupa unaousikia moja kwa moja chini ya ngozi mpaka kwenye kinundu cha karibu na kifundo ndio alna. Upande wa gumba ni radiasi, huku juu imefunikwa na misuli huwezi kuishika vizuri, ila ikifika kifundoni inapanuka na unaishika yote. Sasa weka kiwiko mezani, kiganja kiangalie juu, alafu kigeuze kiangalie chini taratibu huku mkono mwingine umeshika kigasha. Alna inabaki karibu pale pale, radiasi ndio inayozunguka na kupita juu yake. Kila ukizungusha bisibisi au ufunguo, kinachofanyika ni hicho.

Pale radiasi ilipopanuka karibu na kifundo ndipo panapovunjika sana mtu akianguka akajikinga na kiganja, hasa akina mama wenye umri mkubwa ambao mifupa imeshapungua uimara.

Hatua ya 2: misuli inakoanzia

Kiganja juu, shika nyama ya kigasha upande wa ndani, vidole vitatu hivi chini ya kiwiko. Chezesha vidole kama unapiga kinanda. Umesikia vinavyotembea humo ndani? Hiyo ni misuli ya kukunja, na mingi imejishikiza kwenye kinundu cha mfupa upande wa ndani wa kiwiko. Geuza kiganja chini, shika upande wa nje, inua vidole na kifundo kwenda juu, hapo unashika misuli ya kunyoosha, nayo imejishikiza kinundu cha nje.

Huku kwetu mlimani ng'ombe wengi wanafugwa bandani, kwa hiyo kuna mtu wa kukata majani kila siku. Anakuja mama anasema dokta, kiwiko kinaniuma, ndoo sibebi, chupa ya chai nikiinyanyua inataka kuniponyoka, na anashangaa maana kiwiko hakijagongwa popote. Kinundu cha nje ukikibonyeza anaruka. Ni hivi, ukikaza mundu mkononi misuli ya kunyoosha lazima ikaze pia ili kifundo kisijikunje chenyewe, na inavuta pale pale ilipojishikiza, asubuhi mpaka jioni. Ukipaka dawa kiwikoni tu ukamwacha na mshiko ule ule, wiki ijayo utamuona tena. Mwelekeze anyanyue vitu kiganja kikiangalia juu, mpini wa mundu aunenepeshe kwa kitambaa, alafu umuanzishie mazoezi ya kuimarisha misuli hiyo pole pole.

Jaribu mwenyewe: kunja kifundo chini kabisa alafu kaza ngumi, utaona haina nguvu. Sasa inua kifundo kidogo kwenda juu, kama digrii 20 mpaka 30, kaza tena. Tofauti hiyo ndio sababu vifaa vingi vya kushikilia mkono vinaweka kifundo kimeinuka kidogo.

Hatua ya 3: legeza mkono uone kano zinavyojivuta

Weka kiwiko mezani, mkono ulegee kabisa, usisaidie kitu. Kwa mkono mwingine sukuma kifundo kiende nyuma, vidole vitajikunja vyenyewe. Kilaze kifundo mbele, vidole vinanyooka vyenyewe. Hujaamuru chochote, ni urefu wa kano tu. Mimi naipenda sana hii kwa sababu inasaidia pale mgonjwa hawezi kufuata maelekezo, mtoto anayelia, mlevi, aliyezimia. Kidole kisichofuata wenzake kwenye huo mwendo, shuku kano imekatika.

Hatua ya 4: mbele ya kifundo

Gusanisha gumba na kidole kidogo, alafu kunja kifundo kidogo. Kama kuna kano inasimama katikati kabisa hiyo ni ya msuli unaoitwa palmarisi longasi. Huna? Usihangaike, wapo watu wengi tu wamezaliwa bila huo msuli, pengine mkono mmoja tu, na hawapungukiwi nguvu ya maana. Ndio maana madaktari wa upasuaji wanapohitaji kano ya kupandikiza wanaitafuta hiyo kwanza.

Kano nene inayofuata upande wa gumba, shuka kando yake kati ya hiyo kano na mfupa wa radiasi, hapo ndipo tunapohesabu mapigo. Upande wa kidole kidogo kuna kano nyingine inayoishia kwenye kimfupa cha duara mwanzo wa kiganja, kinaitwa pisifomu, weka alama ya kalamu.

Hatua ya 5: vifupa 8, handaki na lile shimo la gumba

Kifundo kina vifupa 8 kwa safu mbili. Kuanzia upande wa gumba safu ya karibu na kigasha ni skafoidi, lunati, trikwetrali na pisifomu, safu ya pili ni trapeziamu, trapezoidi, kapitati na hamati. Ongeza 5 vya kiganja na 14 vya vidole, gumba lina 2 tu wengine 3 3, unapata 27 kwa mkono mmoja.

Vifupa hivyo 8 vimejipinda kikatokea kibonde, na juu yake kuna ligamenti, yaani utepe unaounganisha mifupa, ngumu kama paa, ndio handaki la kifundo. Humo wanapita kano 9 na neva (mshipa wa fahamu) ya mediani, wote kwa njia moja nyembamba. Watu wanasugua pale inapokaa saa, wakati handaki lenyewe liko mbele zaidi, chini ya nyama za mwanzo wa kiganja. Njia ikibana neva ndio inaumia, mtu anaamka usiku gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, anakung'uta mkono mpaka alale tena. Wajawazito wanalipata sana. Kidole kidogo kikiwa kizima kabisa hiyo inakupa moyo kwamba tatizo ni mediani.

Sasa nyoosha gumba kwa nguvu kama unaomba lifti. Nyuma ya mwanzo wa gumba kunatokea shimo kati ya kano. Bonyeza ndani ya hilo shimo, chini yake ni skafoidi. Tafadhali sana zoea kupabonyeza kwa kila mtu aliyeanguka na kiganja, na kwa hizi boda zetu wanaoanguka hawakosi. Dereva anakuja anasema nimeteguka tu dokta, kifundo hakijavimba sana, hakijapinda, vidole vinacheza. Unabonyeza shimo lile, anavuta mkono. Hata eksirei ya siku ya kwanza ikiwa safi huyo usimwache aende, ufa wa skafoidi unaweza kujificha kwenye picha ya mwanzo, kwa hiyo anafungwa hogo na anarudi kupiga tena baada ya siku 10 mpaka 14. Na ukali wote huu una sababu: damu ya kimfupa hiki inaingilia upande wa vidoleni ikirudi nyuma kuelekea kigashani, kikivunjika katikati kile kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa, na kijana wa miaka 25 anabaki na kifundo kinachouma na kusagika.

Hatua ya 6: kano mbili kwa kila kidole

Laza mkono kiganja juu, ulegee. Vidole vinajikunja kwa mpangilio, cha shahada kidogo, kidole kidogo zaidi. Kijana amekatwa na kisu akitenganisha mikungu ya ndizi sokoni, kidonda hakifiki hata sentimita mbili, damu imeshakata, lakini ukiulaza mkono unakuta kidole cha pete kimelala kimenyooka peke yake katikati ya wenzake waliojikunja. Usishone ukamruhusu!

Kila kidole ukiacha gumba kina kano mbili za kukunja. Shikilia kipande cha kati cha kidole kisitembee, mwambie akunje ncha tu, hapo unapima ya chini, fleksa profandasi. Kisha shikilia vidole vingine vyote vimenyooka, mwambie akunje kile kimoja kwenye kiungo cha kati, hiyo ni ya juu, fleksa suparfishialisi. Kidole kidogo kwa watu wengine hakikunjiki peke yake kwa kipimo hiki cha pili hata kikiwa kizima, linganisha na mkono wa upande wa pili. Kano iliyokatika inajivuta kurudi kiganjani, siku zikipita kuirudisha ni kazi ngumu, hivyo mpe rufaa mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Hatua ya 7: neva tatu

Inua kifundo na gumba juu, ni neva ya radiali. Fanya duara kwa ncha ya gumba na ya shahada, mediani. Tanua vidole vyote nikuzuie, neva ya alna, jina moja na ule mfupa, ile inayopita nyuma ya kinundu cha ndani cha kiwiko ukijigonga unapigwa shoti mpaka kidole kidogo. Kwa hisia gusa ncha ya shahada kwa mediani, ncha ya kidole kidogo kwa alna, na mgongo wa mkono kati ya gumba na shahada kwa radiali.

Hivi vyote vipime na uviandike kwenye faili kabla hujachoma sindano ya ganzi, maana ukishachoma, hamna tena atakayejua kama kidole kilikufa ganzi kwa kisu au kwa dawa yako.