Kumtunza paka kila siku: bakuli, mchanga na mikono yako

Paka huficha maradhi. Mnyama mdogo wa porini akionyesha udhaifu huwa windo la wengine, na paka wa nyumbani bado ana tabia hiyo. Jino linaweza kuwa limeoza au figo zimeanza kuchoka, naye akaja jikoni mkia juu kama kawaida. Kwa sababu hiyo kila kazi iliyoelezwa hapa ina faida mbili: inamtunza, na inakupa habari zake. Ukijua anakula kiasi gani, anakojoa mara ngapi na ana uzito gani akiwa mzima, utatambua mapema siku mambo yatakapobadilika.

Vipimo vya hapa ni vya paka mkubwa wa kilo 4, asiye na ugonjwa na anayeishi ndani. Watoto wa paka, wenye mimba na wanaonyonyesha huhitaji chakula kingi zaidi.

Hatua ya 1: Pima chakula kwa mizani

Paka wa kilo 4 aliyehasiwa huhitaji takriban kilokalori 200 kwa siku. Ikiwa chakula chake kikavu kina kilokalori 380 katika gramu 100, hizo ni gramu 52 au 53 kwa siku nzima. Soma pakiti yako upige hesabu upya, kwa kuwa vyakula hutofautiana sana. Kumimina kwa macho ndiko kunakowanenepesha paka wengi: gramu 10 za ziada hazionekani kwenye bakuli, lakini ni karibu moja ya tano ya mahitaji yake ya siku. Pima asubuhi chakula chote cha siku, kiweke kwenye chombo kimoja, kisha mpe kidogo kidogo mara tatu au nne. Tumbo lake limeumbwa kwa mawindo madogo mengi, si kwa mlo mmoja mkubwa.

Kwenye pakiti tafuta maneno yanayosema ni chakula kamili cha paka wa umri wake. Vipo vinavyouzwa kama vya kuongezea tu, na hivyo havitoshi peke yake. Chakula cha mbwa hakifai kuwa mlo wake. Paka lazima apate taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, katika chakula chake kwa sababu mwili wake hautengenezi ya kutosha. Ikipungua kwa miezi, misuli ya moyo hulegea na macho huanza kupofuka. Nyama tupu nayo ina upungufu, hasa wa kalsiamu. Ukitaka kumpikia mwenyewe, pata vipimo kutoka kwa daktari wa wanyama anayeijua lishe. Kubahatisha hapa hugharimu afya.

Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Samaki mbichi wakiliwa mara kwa mara huharibu vitamini B1. Vitunguu maji na vitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu hata vikiwa vimepikwa au vimesagwa kuwa unga, kwa hiyo usimpe mchuzi wa sufuria ya familia. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Ukibadilisha chakula, fanya hivyo kwa siku 7 hadi 10: anza na robo ya kipya, kisha nusu, kisha robo tatu. Paka asiyegusa chakula kwa saa 24, mpigie daktari. Usimwekee njaa ukiamini atakubali chakula kipya akishikwa nayo. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulifanya lishindwe kufanya kazi.

Hatua ya 2: Maji

Kwa jumla anahitaji kama mililita 50 kwa kila kilo, yaani 200 kwa paka wetu, pamoja na maji yaliyomo kwenye chakula. Chakula cha kopo kina maji karibu robo tatu au zaidi, kile kikavu kama sehemu moja ya kumi. Anayekula kikavu tu hana budi kunywa sana, na wengi hawanywi vya kutosha. Weka bakuli mbili au tatu pana, mbali na chakula na mbali kabisa na mchanga, za kauri, kioo au chuma. Mwaga na uzioshe kila siku. Utelezi unaouhisi ndani ya bakuli ni vijidudu.

Hatua ya 3: Sanduku la mchanga

Ukiwa na dakika chache tu za kumhudumia paka leo, zitumie hapa. Hakuna mahali panapokuambia mengi zaidi.

Sanduku liwe na urefu wa mara moja na nusu ya paka, kuanzia pua hadi shina la mkia. Kwa wengi hiyo ni kama sentimita 70, na masanduku mengi ya dukani ni mafupi mno; beseni pana la plastiki lililopunguzwa ukingo upande mmoja hufanya kazi vizuri. Idadi ni sanduku moja kwa kila paka na moja la ziada. Yakipangwa bega kwa bega, paka huyahesabu kuwa mahali pamoja, hivyo yatawanye. Chagua pembe tulivu ambapo anaweza kuona anayekuja na kuondoka bila kuzingirwa. Mfuniko hufungia harufu ndani. Mchanga wenye manukato ulitengenezwa kumpendeza mwenye nyumba. Paka ana pua kali zaidi na mara nyingi huukimbia. Chukua wa chembe ndogo, usio na harufu, unaoganda ukilowa, ujaze kina cha sentimita 5 hadi 7. Ukiwa kidogo, mkojo hufika chini na kunata.

Zoa asubuhi na jioni kwa kijiko cha matundu, na uhesabu. Kawaida ni mabonge mawili hadi manne ya mkojo kwa siku, na kinyesi kama mara moja. Wako akiwa na hesabu tofauti kidogo na hana shida, hiyo ndiyo kawaida yake. Unachotafuta ni mabadiliko:

- Mabonge yanayozidi kuwa makubwa wiki baada ya wiki, pamoja na kunywa sana, huelekeza kwenye figo, kisukari au tezi ya shingo.
- Mabonge mengi madogo, au damu, ni dalili ya kibofu kilichowashwa. Mpeleke ndani ya siku hiyo au kesho yake.
- Anachuchumaa tena na tena, pengine analia, na hakuna kitu: ikiwa ni dume, hii ni dharura ya saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Hilo la mwisho lina maelezo yake. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana, na ute uliochanganyika na chembechembe unaweza kuiziba kabisa. Mkojo ukikwama, potasiamu hupanda katika damu na moyo husimama. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Wengi hudhani paka amefunga choo na kusubiri. Usisubiri, wala usimminye tumbo, maana kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka.

Kinyesi kizuri ni cha kahawia, kimeshikana, hakinati. Kikiwa vijiwe vikavu, maji hayatoshi. Ukiona vipande kama punje za wali juu yake au kwenye manyoya ya matakoni, hao ni minyoo aina ya tegu.

Kila wiki mbili hadi nne mwaga mchanga wote, osha sanduku kwa maji ya moto na sabuni isiyo na harufu, kausha, jaza upya. Usimimine klorini juu ya mkojo, kwa sababu vikikutana hutoa gesi inayounguza mapafu. Epuka pia dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia majini: nyingi zina fenoli, ambayo ini la paka haliwezi kuiondoa vizuri, naye hulamba nyayo zake kutwa. Mwenye mimba amwachie mtu mwingine kazi hii, au avae glavu na kunawa. Vimelea vya toksoplasma huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzoa kila siku.

Paka akianza kujisaidia kwingine, fuata mpangilio huu: kwanza daktari aondoe uwezekano wa ugonjwa, kisha angalia usafi, kisha aina ya mchanga, kisha mahali sanduku lilipo, mwisho kama kuna paka mwingine anayemzuia njia. Kumpiga au kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha kitu kimoja, kukuogopa wewe. Safisha mahali hapo kwa sabuni yenye vimeng'enya. Yenye amonia humkumbusha mkojo na kumrudisha palepale.

Hatua ya 4: Dakika tano za mikono, jioni

Mwache aje mwenyewe. Anza mashavuni na chini ya kidevu, nenda mgongoni, achana na tumbo. Mkia ukianza kuchapa huku na huku au masikio yakilala kando, simama, kesho ipo.

Pitisha vidole mbavuni. Kunja ngumi: ukihisi mbavu kama vifundo vya ngumi, amekonda. Nyoosha vidole upapase mgongo wa mkono wako: mbavu zikihisika hivyo, yuko sawa. Zikiwa zimefunikwa kama ilivyofunikwa mifupa ya kiganja upande wa ndani, amenenepa. Mara moja kwa mwezi mpime: simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha bila yeye, uandike tofauti. Gramu 200 zinaonekana kidogo, lakini kwa paka wa kilo 4 ni sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo tatu na nusu.

Inua mdomo kidogo utazame fizi. Ziwe za waridi na zenye unyevu. Zikiwa nyeupe, za bluu au za njano, ni hospitali. Utando mweupe unaofunika pembe ya ndani ya jicho akiwa macho kabisa ni dalili ya ugonjwa. Uchafu mweusi kama unga wa kahawa masikioni mara nyingi ni utitiri. Usichokonoe kwa kijiti cha pamba, utausukuma ndani. Akiwa amelala usingizi, hesabu pumzi kwa sekunde 30 uzidishe kwa mbili: 15 hadi 30 kwa dakika ni sawa.

Kucha zikatwe kila wiki mbili au tatu. Bonyeza kidole taratibu ukucha utoke. Utaona sehemu ya waridi yenye mshipa. Kata ncha angavu tu, kama milimita 2, mbali na mshipa. Ukikosea ikatoka damu, kandamiza unga wa mahindi laini juu yake kwa dakika chache. Si lazima zote 18 siku moja. Mbili leo na mbili kesho, kila mara akipata kitu kitamu, hujenga paka anayekubali kushikwa maisha yake yote. Wazee ndio wa kuangaliwa zaidi, kwani kucha zao hupinda na kuchoma nyayo. Kamwe asiondolewe kucha kabisa: huko ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Mpe nguzo ya kukwaruza isiyoyumba, ndefu kuliko yeye akijinyoosha, karibu na anapolala.

Mwenye manyoya mafupi achanwe mara moja kwa wiki, mwenye marefu kila siku. Manyoya yaliyofungamana usiyakate kwa mkasi. Ngozi nyembamba huinuka pamoja nayo na hukatwa kirahisi mno.

Hatua ya 5: Meno

Brashi ndogo laini, dawa ya meno ya paka, upande wa nje tu, kila siku. Ya binadamu hapana, kwa kuwa paka hatemi. Anza kwa kumlambisha dawa kidoleni wiki nzima kabla ya kuleta brashi. Harufu mbaya, kudondosha chakula au kutafunia upande mmoja ni maumivu.

Hatua ya 6: Mchezo

Mara mbili kwa siku, dakika 10 hadi 15, kwa kijiti chenye unyoya. Usimletee unyoya usoni. Windo hukimbia na kujificha, hivyo uburute nyuma ya kiti, usimamishe, uutikise kidogo. Acha aukamate mara kadhaa, kisha mpe chakula. Taa ya leza humnyima kukamata, hivyo imalizie juu ya kitu anachoweza kukishika. Mchezo wa jioni ukifuatwa na mlo hupunguza kuamshwa alfajiri. Hifadhi kamba na uzi kabatini: akimeza, hukata utumbo. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute.

Hatua ya 7: Kinga

Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afike wiki 16 au zaidi, kisha daktari hupanga za baadaye, pamoja na ya kichaa cha mbwa. Mkubwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu ikiwa anatoka nje au anawinda. Ahasiwe kabla ya miezi mitano, kwani jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu.

Kwa viroboto, chana juu ya karatasi nyeupe yenye unyevu; punje nyeusi zikiacha doa jekundu, wapo. Fua matandiko na fagia kila pembe, maana mayai na funza wako sakafuni. Soma lebo kabla ya kumpaka chochote: dawa za mbwa zenye permethrini humfanya paka atetemeke hadi kufa.

Hatua ya 8: Hatari za nyumbani

Parasetamoli, hata kidonge kimoja, humuua. Ibuprofeni vilevile si yake. Maua yaitwayo lily na daylily kwa Kiingereza (jamii za Lilium na Hemerocallis) huharibu figo hata akilamba tu chavua iliyomwangukia, kwa hiyo yasiingie ndani ya nyumba yenye paka. Kipoza injini cha gari kina ladha tamu na sumu kali. Futa kila tone.

Akila chochote katika hivi, akipumua mdomo wazi, akishindwa kusimama kwa miguu ya nyuma au akitapika mfululizo, nenda mara moja na ubebe pakiti au jani lenyewe. Usimtapishe kwa chumvi. Kikapu cha kumbebea kikae wazi sebuleni siku zote, na blanketi lake ndani, ili siku ya dharura aingie bila kufukuzwa chini ya kitanda. Kifunike kwa taulo jepesi, na kwenye gari kiweke sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, kisiteleze breki zinapokanyagwa.